Sikuuzoea Moto wa Kigoda

Wiki ya mwisho kabla sijakabidhi spana zangu, mmoja wenu hapo kwenye gereji yetu ya mtaa wa Sakina alifungua bati la kuzuia joto kwenye pikipiki ya mteja, ile yenye kiti cha pembeni na gurudumu la tatu, akalitupa kwenye rundo la vyuma chakavu. Jina lake silitaji, maana mama yake hunisalimia vizuri kanisani. Nilipomuuliza sababu, alijibu bila hata kuinua kichwa: "Mzee, linagongagonga tu hilo. Dereva atazoea."

Sikusema kitu siku ile. Kulikuwa na maagano yangu, chai, keki, na hotuba ndefu ya mtu aliyekosea jina langu mara mbili. Lakini nimekaa nyumbani siku kumi sasa na neno lile limekataa kunitoka. Mliniomba niwaandikie mambo ya kazi yangu. Basi naandika, na nitaandika juu ya neno hilo moja, "atazoea", ambalo nimegombana nalo tangu enzi za Mjerumani mpaka leo. Anayetaka kujua nilipandishwa cheo lini akaulize ofisini.

Mimi ni Mwarusha wa Elerai. Nilianza kazi miaka michache kabla ya ile vita kubwa ya kwanza, wakati Elerai ilikuwa migomba, mahindi na ng'ombe, na mtu akisikia mngurumo alitazama juu kuona kama ni mvua. Nilikuwa nimetahiriwa mwaka uliotangulia. Kwetu kijana akiwa chini ya kisu hapepesi jicho, na akipepesa, baba yake hainui uso mbele ya wenzake mpaka anazikwa. Mimi sikupepesa. Siandiki hivyo kwa kujisifu. Mtaona hapo mbele jinsi sifa hiyo ilivyonitokea puani.

Kazi ilikuwa kwa mlowezi mmoja mwenye shamba la kahawa kwenye mteremko wa mlima Meru, upande wa kuelekea mji mdogo wa Usa. Jina lake la Kijerumani lilitushinda wote. Tulimwita Bwana Takia, kwa sababu popote alipotaka kukaa alitanguliza takia, na safarini alibeba matatu. Miaka miwili kabla sijaajiriwa alikuwa ameagiza kutoka kwao pikipiki ya magurudumu matatu. Ilikuja kwa meli mpaka Tanga, kwa treni kuelekea huku juu, na kipande cha mwisho ikavutwa na maksai, jambo lililowafurahisha sana wazee wetu waliokuwa wameambiwa kwamba ng'ombe sasa basi. Watu walipoona ina miguu mitatu kama vigoda vya nyumbani, wakaiita Kigoda, na jina likashika.

Niwaeleze kilivyokuwa, maana hamjakiona. Magurudumu mawili yalikuwa mbele, na katikati yake kiti kipana cha abiria, chenye mikono na mgongo kama kiti cha sebuleni. Nyuma ya kiti ilisimama injini ya silinda moja, haina maji wala feni, inategemea upepo tu upite kwenye mapezi yake ya kupozea. Nyuma ya injini ndipo palipokuwa na tandiko la dereva, kisha gurudumu la tatu. Sasa fikirini kidogo, nyinyi ni mafundi. Upepo unatoka mbele. Mbele amekaa Bwana Takia na matakia yake matatu. Uliobaki kwa injini ulikuwa upepo wa kupulizia chai. Joto lote ambalo injini ilishindwa kulitoa lilirudi nyuma kwenye magoti ya dereva, na bomba la moshi lilipita upande wa kulia, vidole vitatu tu kutoka kwenye shavu la mguu. Aliyekichora Kigoda alikuwa amemfikiria sana yule anayekaa mbele.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kusukuma. Kigoda hakikuwaka mpaka kisukumwe hatua ishirini, na mimi nilikuwa na miguu mizuri. Aliyekiendesha alikuwa Fundi Omari, Mswahili wa Tanga aliyekuja nacho, mtu mfupi, mwenye maneno machache na mikono safi kuliko ya fundi yeyote niliyemwona baadaye. Injini alijifunza kwenye mashine za mkonge huko pwani. Yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza kabla ya kushika spana. Alinifundisha kwamba ukiichelewesha cheche ili kupanda mlima polepole, unaipika injini. Na kwamba hewa ikizidi na petroli ikipungua, injini inachemka hata kama unaona inakwenda vizuri. Mambo hayo bado ni ya kweli, na kuna mmoja wenu nimemwambia mara nne.

Lakini kitu ambacho siku ile ya kwanza sikuweza kuacha kukitazama kilikuwa mguu wake wa kulia. Aliuzungushia vitambaa kutoka kifundoni mpaka gotini, na jioni alipovifungua aligeukia ukutani.

"Fundi, mguu umefanya nini?"

"Joto la bomba."

"Sasa unaendeshaje hivyo?"

"Utapanda wewe pia, Saruni," aliniambia, bado ameangalia ukuta. "Utazoea."

Miezi sita baadaye kidonda kilianza kunuka. Daktari wa misheni alimwambia Omari akae mbali na joto lile kabisa, na kwamba kikizidi kupanda, mguu utakatwa. Bwana Takia akamhamishia kwenye mashine ya kumenya kahawa, na mimi nikapanda kwenye tandiko.

Kuteremka kutoka shambani hakukuwa na neno. Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi. Mtu ukiiacha barabara kuu na kuanza kupanda, injini inavuta kwa nguvu, mwendo unapungua, na kadiri mwendo unavyopungua ndivyo na upepo unavyokwisha. Ukifika nusu ya mlima, suruali imekauka mpaka inalia ukikunja goti. Huwezi kusimama ipoe, kwa sababu Bwana Takia hapendi kusimama. Huwezi kuutoa mguu nje, kwa sababu kanyagio la breki liko hapo hapo chini ya bomba. Kwa hiyo unaungua huku umekaa vizuri, kama mtu aliyealikwa.

Nilipoungua mara ya kwanza sikusema. Wala mara ya pili, wala ya kumi. Niliona ni kisu kile kile kimekuja kwa sura nyingine, na mimi nilikwisha kuonyesha kwamba sipepesi. Siku moja Bwana Takia aliwapitisha wageni wake karibu na mimi, akawaonyesha mguu wangu kwa fimbo na kusema kwa Kiswahili ili na mimi nisikie, "Huyu Mwarusha. Hawa hapana sikia moto." Mnajua nilifanya nini? Nilinyoosha mgongo. Nilifurahi! Hilo ndilo kosa langu la kwanza la kazi, na nadhani lingeweza kufanywa na mtu wa kwetu tu: nilichukua fahari ya jando langu nikampa mtu aikalie kama takia la nne.

Kosa la pili lilikuwa na harufu. Nyumbani kidonda cha moto kinapakwa mafuta ya kondoo, yanatuliza sana. Nikafikiri, kama yanatuliza mguu, yatalituliza na bomba. Nilichukua ngozi mbichi ya mbuzi, nikaipaka mafuta yale mpaka ikang'aa, nikalizungushia bomba na kuikaza kwa kamba za ngozi. Asubuhi ile nilipotoka nilijiona nimewashinda Wajerumani wote kwa akili. Hatukufika mbali Bwana Takia akageuka kuuliza ni nani anayechoma nyama. Tukiwa tunakaribia mjini tulikuwa na mbwa saba nyuma yetu, na kila boma tulilopita liliongeza mmoja. Ningecheka, kama ngozi mbichi isingekuwa na tabia yake. Ikipata moto inajikunja. Ilijikunja na kubana mpaka ikalivuta bomba likavunjika kwenye maungio ya silinda, na moto uliokuwa ukitokea kule nyuma ukatokea hapo hapo, kwenye mguu wangu.

Nililala nyumbani wiki mbili. Mama aliponifungua mguu niliona kitu kile kile ambacho Omari alikuwa akikificha ukutani. Niliogopa. Sikuwahi kumwambia mtu wa rika langu kwamba niliogopa, lakini leo ninaandika. Kichwani niliona mguu wangu umekatwa, nikajiona natembelea fimbo ya mti kwenye migomba ya baba, na watu wakisema jinsi nilivyokuwa hodari.

Bomba lilihitaji kuungwa, na wa kuliunga karibu na shamba alikuwa mmoja tu, Mzee Ayo, mhunzi wa Kimeru aliyeishi chini ya kijiji cha Poli. Hapa lazima niseme jambo la aibu. Sisi Waarusha tulilelewa kumdharau mhunzi. Tulinunua mikuki yake na mapanga yake, kisha hatukumpa mkono bila kupaka mafuta kiganjani, eti mikosi ya moto wake isitushike. Nilifika kwake nikichechemea, bomba begani, na kiganja nimekwisha kukipaka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akautazama mkono wangu ulivyong'aa. "Mafuta hayo ya nini?"

"Ya mguu, mzee," nilidanganya.

"Basi yapake mguuni. Umekosea mahali."

Akanikalisha karibu na makaa yake na kuendelea na kazi. Ndipo nilipoitazama miguu yake. Mzee yule alikuwa hatua moja tu kutoka kwenye moto, na shavu la mguu wake lilikuwa laini kama la mtoto mchanga. Maisha yake yote mbele ya makaa, na hana kovu! Mbele ya miguu yake zilining'inia ngozi mbili kavu za ng'ombe, moja mbele ya nyingine, na kati yake nafasi ya kupitisha ngumi. Chini zilikuwa wazi, na juu pia.

"Gusa ya mbele," aliniambia. Niligusa, nikarudisha mkono haraka. "Haya, gusa ya nyuma." Ilikuwa vuguvugu tu.

"Wewe uliuvisha moto nguo," alisema. Habari za mbwa zilikuwa zimenitangulia. "Mimi nakaa nao mbali kidogo, halafu naacha hewa ipite katikati ilichukue lile joto. Ngozi inayogusa moto si kinga. Ni nyama."

"Lakini mzee, kuvumilia je?" Nilikuwa kijana, nikadhani swali hilo lina maana.

"Kuvumilia nini?"

"Kuungua."

Aliniangalia kama mtu anayetafuta ufa kwenye panga. "Anayeungua huwa na haraka," alisema. "Chuma hakipendi mtu mwenye haraka. Ningekuwa naungua kila siku, mngekatia nini migomba yenu?"

Tulifanya kazi siku tatu. Tulikata debe tupu la petroli tukapata mabati mawili. La kwanza tulilisimamisha kwenye vijiguu vinne vya chuma ili lisiguse bomba mahali popote ila hapo tu. La pili tukalifunga nje ya lile la kwanza, na kati yao tukaacha nafasi ya vidole viwili, wazi chini na wazi juu. Mzee Ayo alinisahihisha mara mbili nilipotaka kuziba chini ili lipendeze. Kisha tukakunja mabati mengine mawili kama masikio, tukayafunga kwenye mikono ya kiti cha mbele, ili yaudake upepo uliokuwa ukipita pembeni na kuutupa kwenye mapezi ya silinda. Mwisho tukaligeuza bomba lipumulie nyuma kabisa. Hivyo ndivyo joto la injini linavyotunzwa, na vitabu vyote nilivyoletewa baadaye havikuniongezea jambo kubwa: lipe joto njia ya kutoka, ulete upepo, na mtu asiguswe.

Siku ya tatu nilimpa Mzee Ayo mkono mkavu, bila mafuta. Hakuuachia upesi. Jioni nilipita nyumbani nalo, kumbe baba amekwisha kupata habari, akakataza bati la mhunzi lisivuke uzio wake, nami nikaliacha nje na kuingia kula bila hilo.

Safari ya kwanza nilipanda mlima wote wa shamba bila kusimama. Hata sauti ya injini ilibadilika, ikawa inapumua. Nilipofika juu niliushika mguu wangu kwa mikono miwili, ulikuwa na joto la kawaida la mguu, nikacheka peke yangu kama mwehu. Kwa mwezi mmoja na nusu kidonda kilikuwa kinafunga. Bwana Takia hakuona kitu muda wote huo. Masikio aliyadhania ni mapambo, na anayekaa mbele haoni ya nyuma.

Wageni ndio walioona. Walikuja wawili kutoka mashamba ya jirani, wakazunguka Kigoda, wakakuta maandishi ya debe la petroli yamesimama kichwa chini kwenye mguu wa dereva. Walicheka mpaka mmoja akakaa kwenye ngazi. Bwana Takia alikuwa mwekundu kama kahawa iliyoiva. Walipoondoka aliniita mbele ya watu.

"Kesho tunakwenda Moshi stesheni, kupokea mgeni wangu. Hii debe toa. Na masikio toa."

"Bwana mkubwa, bati likitoka mguu utaungua. Ni safari ya kutwa nzima."

"Wewe Mwarusha. Hapana sikia moto."

Nyuma yangu walisimama vijana wawili wa rika langu waliokuja kuomba kibarua cha kuchuma. Walitahiriwa siku moja na mimi. Nilijua kila neno litafika Elerai kabla ya ng'ombe kurudi. Pia nilijua kwamba safari moja ya Moshi ingekifungua kile kidonda, na kwamba ya pili ingenipeleka kwa daktari wa misheni.

"Nasikia, bwana," nilisema. "Nimesikia tangu siku ya kwanza."

"Toa."

"Sitoi."

Enzi zile neno "sitoi" lilikuwa na jibu lake, na jibu hilo lilijulikana nchi nzima kwa jina la hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano. Nyapara alileta benchi. Nikalala. Na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo watu wa rika langu walinisema kwalo mpaka wakaota mvi. Sikunyamaza. Kunyamaza nilikwisha kunyamaza, na kilichonifikisha benchini ni kule kunyamaza. Kila kiboko kilipotua nilisema kwa sauti, "Bati linabaki!" Kufika cha kumi na nne sauti ilikuwa imepasuka, na nyapara akawa ananinong'oneza, "Nyamaza, we mjinga, utaongezewa." Nilisema mpaka cha ishirini na tano, na kimoja nilisema wakati hajapiga.

"Umelia," mmoja wa wale vijana aliniambia waliponinyanyua.

"Nimesema maneno," nilimjibu. "Kama ulisikia kilio, rudi ukasafishe masikio."

Bati halikubaki, kwa kweli. Nyapara alilifungua pamoja na masikio, akayatupa yote kwenye lundo la maganda ya kahawa. Bwana Takia akatangaza kwamba kesho ataendesha Omari. Niliposikia hivyo nililia kweli, nikiwa nimelala kifudifudi kwenye kibanda, maana nilijua Omari hajawahi kukataa kitu, na nilijua mguu wake umebakiza nini.

Asubuhi nilijikokota mpaka uwanjani. Kigoda kilikuwa tayari kimetolewa nje, na bati lilikuwa mahali pake. Masikio pia. Maganda ya kahawa yalikuwa bado yamenata kwenye skrubu. Pembeni, juu ya sanduku, alikaa Fundi Omari na spana mkononi. Vitambaa vyake vilikuwa vimekunjwa vizuri juu ya goti la kushoto, na mguu wa kulia, ule ambao hakuna aliyewahi kuuona, alikuwa ameunyoosha mbele kwenye jua. Wachumaji waliokuwa wakipita walisimama, wakaona, wakaziba pua, na yeye hakugeuka.

Bwana Takia alitoka na matakia yake. "Omari! Panda!"

"Bati likiwepo, bwana," Omari alisema. "Lisipokuwepo, mimi sipandi, na Saruni hapandi."

Mlowezi aliutazama mguu ule. Sijui alikuwa amedhani ndani ya vitambaa mna nini miaka yote ile. Kisha akatupa matakia kwenye kiti, akashika usukani mwenyewe, akakisukuma Kigoda hatua ishirini, thelathini, hamsini. Hakikuwaka. Hakujua cheche inawekwa wapi; hakuwahi kuhitaji kujua. Treni haimngoji mtu, na yeye alijua hivyo kuliko sisi. Wakati akihangaika nilikaa chini karibu na Omari. Nasema nilikaa, nilipiga magoti.

"Fundi, wewe ndiye uliyeniambia nitazoea."

"Nilikwambia."

"Kwa nini, basi?"

"Niliona aibu kuwa ni mimi peke yangu ninayeumia. Nilidhani wengine wanazoea." Akafuta spana, ingawa ilikuwa safi. "Karibu miaka mitatu, Saruni. Sikuuzoea hata siku moja."

Bwana Takia alirudi amelowa jasho mpaka kwenye kofia. Hakutazama bati, wala hakututazama sisi. "Twende," alisema, akapanda kwenye kiti chake.

Hapo likatokea tatizo ambalo hakuna aliyelifikiria. Omari hakutakiwa kusogelea joto, na mimi, baada ya yale ya jana, sikuweza kukaa popote. Nilisimama nikalitazama tandiko la ngozi ngumu, nikalitazama tena. Kisha nilikwenda mbele, nikaingiza mkono nyuma ya mgongo wa Bwana Takia, nikavuta takia moja. Aligeuka. Tulitazamana. Nililipeleka nyuma, nikaliweka juu ya tandiko, nikakaa. Omari alisukuma kwa mguu mmoja na nusu, injini ikashika, na tukaenda Moshi na kurudi, mimi nimekalia takia la bwana, mguu mzima.

Wiki iliyofuata bati lilipakwa rangi nyeusi ili maandishi yasionekane, na baadaye nilisikia likielezwa kwa wageni kuwa ni ufundi wa Bwana Takia mwenyewe. Sikujali. Lilibaki. Mguu wa Omari ulikatwa mwaka uliofuata, chini ya goti, tulikuwa tumechelewa. Aliendelea kufundisha injini akiwa amekaa, na kila mwanafunzi wake mpya alimwonyesha kwanza ile nafasi ya vidole viwili. Vita ilipokuja Kigoda kilichukuliwa na askari, nikasikia kilifia njiani kuelekea kusini. Matakia yalikwenda wapi sijui.

Sasa narudi kwako wewe ambaye sikukutaja. Juzi nilipita gerejini mmekwenda kula. Nililichukua lile bati kwenye vyuma chakavu, nikalinyoosha, nikalifunga tena kwenye pikipiki ya yule mteja, skrubu nne, na nikaweka mpira chini ya kila skrubu ili lisigonge. Ilinichukua muda mfupi kuliko keki yenu. Ukitaka kulifungua, lifungue, wewe ndiye fundi sasa. Lakini kabla hujalifungua, vaa suruali nyepesi, panda wewe mwenyewe mpaka Usa, upande na ule mlima, urudi, kisha uje hapa nyumbani unikunjulie mguu wako na kuniambia kwamba umezoea.